Mtendwa Aliyepotea: Lugha ya Toba katika Ushuhuda wa Kitale na Bungoma

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezisoma kwa bidii kazi zilizoandikwa na wenyeji wa magharibi ya Kenya. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, amehakikiwa mara nyingi. Wanafunzi wa riwaya wanajua kwamba mhusika mkuu wa Siku Njema (1996) anatoka Tanga kwenda Kitale kumtafuta baba yake, na kwamba mwandishi huyo alikwisha kuandika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, kabla ya kufariki mwaka 2020. Lakini katika miji hiyo miwili, Kitale na Bungoma, kuna tawasifu nyingine isemwayo kila Jumapili, na katika mikutano ya katikati ya wiki, na kwenye matanga, ambayo haijapata mhakiki. Ni fupi, na haiandikwi. Msemaji wake aweza kuwa mkulima wa mahindi, mwalimu wa shule ya msingi, au mwanamke auzaye mitumba sokoni. Hiyo ndiyo iitwayo ushuhuda.

Kwamba ushuhuda ni utanzu wa fasihi simulizi si jambo la kubishaniwa sana. Una fomula ya kufungulia: msemaji humsifu Bwana mara mbili au tatu, na kila mara kusanyiko huitika kwa Amina. Una utambulisho: msemaji hujitaja jina, akasema ameokoka, na kwamba anampenda Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wake binafsi. Kisha una masimulizi ya alikotolewa: pombe, uzinzi, ugomvi, pengine waganga na hirizi. Halafu hufika siku ya kugeuka, ambayo mara nyingi hutajwa kwa tarehe na mahali. Hali ya sasa huelezwa kwa ufupi, na mwisho msemaji huomba aombewe. Watoto waliokulia katika makanisa hayo huyajua mapigo haya kama wajuavyo mwanzo wa hadithi, na wengine huyaigiza kwa mzaha wakiwa malishoni. Mzaha huo nao ni ithibati kwamba utanzu umekomaa.

Swali la makala haya ni jingine. Ushuhuda hujitangaza kuwa ni tendo la unyenyekevu: mtu husimama mbele ya jirani zake na kujishusha. Je, unyenyekevu huo unaonekana wapi katika lugha yenyewe? Mtu hawezi kuusoma moyo wa msemaji, na mhakiki asijaribu. Awezacho kukisoma ni vitenzi.

Kiswahili kilichofika kwa amri

Yafaa kwanza ikumbukwe ni Kiswahili cha namna gani kilichopokelewa katika nchi hiyo. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mji ukawa kitovu cha mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu. Waliofanya kazi katika mashamba hayo walikuwa Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti, Waturkana, Wakikuyu na wengineo, na lugha iliyowakutanisha na mwajiri wao ilikuwa ile iliyodhihakiwa kwa jina la Kisetla: Kiswahili kilichokatwa viambishi, ambacho nusu yake ni amri. Leta hii, peleka kule, fanya upesi. Katika lugha hiyo mwajiri aliitwa Bwana.

Upande wa Bungoma mambo yalikuwa tofauti kidogo. Wamisionari Marafiki, ambao wengi huwaita Wakweka, walikuwa wamekwisha kufungua kituo chao cha kwanza Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko wakasambaa hadi Lugulu katika nchi ya Wabukusu. Wakatoliki wa Shirika la Mill Hill walijenga Kibabii. Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921, lilipata wafuasi wengi katika nchi hiyo hiyo. Lugha za nyumbani zilitumika sana katika mafundisho, na hata leo mzee wa Kimilili au Chwele akitaka kusali kwa utulivu husali kwa Lubukusu. Lakini palipokutana makabila mbalimbali, na hasa Kitale, ibada ilihitaji lugha ya wote, nayo ilikuwa ni ile ile iliyozoeleka shambani.

Hapa pana jambo ambalo wanaisimu jamii hawajalitazama vya kutosha. Siku ya Jumatatu mfanyakazi alisimama mbele ya Bwana akavua kofia; siku ya Jumapili aliambiwa avue kofia mbele za Bwana. Neno lilikuwa moja. Kiswahili hakikosi maneno mengine ya kumwita aliye juu, kama vile Mola, Mwenyezi na Rabi, lakini wafasiri wa Biblia waliteua Bwana, na katika nchi ya pwani uteuzi huo haukuwa na kosa. Kuanzia tafsiri ya Edward Steere ya Unguja, ambayo Biblia yake nzima ilipatikana mwaka 1891, hadi tafsiri ya muungano ya mwaka 1952, neno hilo lilikwenda bara pamoja na kitabu, na huko likakuta kwamba lina mwenyewe. Vivyo hivyo na kitenzi kunyenyekea. Kitenzi hiki kimeundwa katika kauli ya kutendea, na daima huacha swali: kumnyenyekea nani? Hakuna unyenyekevu usio na mtu au Mungu anayenyenyekewa. Mhubiri aliyewataka watu wawe wanyenyekevu katika Kitale ya mwaka 1935 hakuweza kulizuia sikio lisijibu swali hilo kwa namna mbili.

Toba na ndugu zake

Toba ni neno la Kiarabu, na asili yake ni kurudi. Waislamu wa pwani walikuwa wameshalitumia kwa karne nyingi kabla ya Wakristo kuliazima. Pamoja nalo zilikuja dhambi, imani, neema na rehema. Si vibaya kukumbusha kwamba mshairi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliuasa moyo wake mwenyewe kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya mmisionari yeyote kufungua kinywa. Lugha ya toba ya mtu binafsi haikuanzishwa na Wakristo. Neno binafsi lenyewe lina nafsi ndani yake, na katika mafundisho ya Kiislamu nafsi ni kitu cha kupigwa vita, si kitu cha kujivunia.

Majirani wana njia nyingine ya kuliona jambo hili. Waganda husema kwenenya, yaani kujilaumu: ni kitenzi cha kulaumu kilichotiwa kiambishi cha kujirejea. Tofauti si ndogo. Anayetubu kwa Kiarabu anatembea, anarudi alikotoka. Anayetubu kwa Luganda amesimama mahali pamoja na kujielekezea kidole. Wakatoliki wa Kibabii na Kitale (majimbo ya Bungoma na Kitale yaliundwa mwaka 1987 na 1998) wana neno lao, kitubio, kwa sakramenti, na hulitenga na maungamo, ambayo ni sehemu yake ya kusema. Kwao kuna pia malipizi, jambo ambalo muumini hupewa alifanye baada ya kuungama. Waprotestanti wengi wa eneo hilo hawana neno la jambo hilo katika ibada yao, na mahali pasipokuwa na neno ndipo mhakiki anapopaswa kutazama kwa makini.

Uamsho wa Afrika Mashariki ndio uliotia muhuri utanzu wa ushuhuda. Ulianza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, kituo cha Gahini kikiwa mojawapo ya chemchemi zake, ukaingia Kenya kabla ya muongo huo kwisha. Jina la Kiganda la wafuasi wake, Abalokole, limebaki katika Kiswahili cha Tanzania kama walokole, mara nyingi kwa dhihaka. Kabla ya hapo, mwaka 1927, waumini wa Kaimosi walikwisha kuwa na uamsho wao wenyewe wa Roho, wenye kuungama dhambi hadharani, uliowafanya wengine watengwe na Marafiki na hatimaye waanzishe makanisa ya Roho yanayojulikana kwa kanzu zao nyeupe. Kwa hiyo msemaji wa leo katika kibanda cha mabati cha Kiminini ana nasaba ndefu kuliko ajuavyo.

Katika lugha ya ndugu wa uamsho mna neno moja linalostahili kusimamiwa kidogo, nalo ni kuvunjika. Kwa Kiswahili cha kawaida, kuvunjika moyo ni kukata tamaa. Mwalimu humwambia mwanafunzi asivunjike moyo. Ndugu hao walilipa neno maana iliyo karibu kinyume: aliyevunjika ni aliyeachana na kiburi, na kuvunjika ni heri. Mgeni wa lugha yao akisikia mtu anamshukuru Mungu kwa kumvunja hushtuka. Huo ni ubunifu wa lugha uliofanywa na wakulima na wauguzi, na hakuna kamati ya istilahi iliyowasaidia.

Sarufi ya aliyeokoka

Kiini cha ushuhuda ni neno moja: nimeokoka. Lichambuliwe. Wakati wake ni -me-, hali iliyotimia na ambayo matokeo yake bado yapo. Kauli yake ni ya kutendeka. Kitenzi kuokoa kina kauli mbili za kumfanya anayeokolewa awe mbele: kuokolewa na kuokoka. Ya kwanza humdai mtenda: aliyeokolewa ameokolewa na fulani. Ya pili haimdai. Kikombe huvunjika, mlango hufunguka, mtu huokoka. Aliyefanya aweza kutajwa au kuachwa, na sentensi itasimama vema. Teolojia ya msemaji inasema kwamba amefanyiwa jambo ambalo asingeweza kujifanyia. Sarufi yake inasema kwamba jambo limemtokea, na sasa ni sifa yake. Haikosi sababu kwamba neno hili limezaa jina la kundi: waliookoka. Ni vigumu zaidi kujivuna kwa kuokolewa.

Toba, kwa upande wake, huwekwa katika -li-. Nilitubu siku fulani, mahali fulani. Ni tendo la zamani lililokwisha. Ukiusikiliza ushuhuda mmoja baada ya mwingine utaona kwamba ni nadra kitenzi kutubu kupatikana katika wakati uliopo, isipokuwa msemaji anapowahimiza wengine. Hapo yafaa kulinganisha na mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru katika sura ya 18 ya Injili ya Luka. Sala ya Mfarisayo ina mpangilio ulio karibu sana na wa ushuhuda: shukrani, kujitofautisha na wenye dhambi, kisha orodha ya mwenendo wa sasa. Tofauti ni kwamba Mfarisayo hujitofautisha na watu wengine, na mtoa ushuhuda hujitofautisha na mtu aliyekuwa yeye. Tofauti hiyo ni ya maana, na asiyeikubali atakuwa anawaonea wasemaji. Sala ya mtoza ushuru haina masimulizi kabisa. Haina hata jana.

Lakini jambo zito zaidi liko katika viambishi. Dhambi katika ushuhuda hutajwa kwa namna mbili. Ya kwanza, na ndiyo ya kawaida, ni ya kitenzi kuwa: nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi, nilikuwa mwizi, nilikuwa mtu wa hasira. Ya pili ni ya kitenzi chenye mtendwa: nilimwibia, niliwapiga, nilimdhulumu. Katika namna ya kwanza dhambi ni hali ya msemaji. Ni kama ugonjwa, na uponyaji wake ni habari yake. Katika namna ya pili pana watu wawili. Kiswahili, tofauti na lugha nyingi za Ulaya, humweka mtendwa ndani ya kitenzi chenyewe, kati ya wakati na mzizi, mahali ambapo hawezi kutolewa bila neno kubadilika. Atamkaye niliwapiga hawezi kuwasahau wale aliowapiga. Silabi yao iko kinywani mwake.

Ushuhuda ambao dhambi zake zote ni za kitenzi kuwa hauna mtendwa. Mlevi alikuwa mlevi. Lakini ada ya shule iliyonyweka ilikuwa ya mtoto gani? Mtu wa hasira alikuwa na hasira. Ngumi ilitua kwenye shavu la nani? Kadiri orodha ya hali hizo inavyorefushwa ndivyo kusanyiko linavyostaajabu ukubwa wa wokovu, na ndivyo msemaji anavyozidi kuwa shujaa wa hadithi. Ukubwa wa dhambi hugeuka kimo cha mtu. Huu ndio mtego wa utanzu huu, na hautegwi na unafiki wa msemaji bali na umbo lenyewe.

Augustino wa Thagaste, Mwafrika wa kaskazini, aliukabili mtego huo alipoandika Maungamo mwishoni mwa karne ya nne. Yeye alifanya mambo mawili. Aliyaelekeza maneno yake yote kwa Mungu, hata msomaji akawa kama mtu asikilizaye mlangoni. Na alichagua kukaa kurasa nyingi juu ya kosa dogo, wizi wa mapeasi alioufanya na wenzake akiwa kijana wa miaka kumi na sita. Mapeasi hayana ushujaa. Hata hivyo mwenye mti wa mapeasi naye hasemwi sana, na mwanamke aliyeishi na Augustino miaka mingi na kumzalia mwana hakutajwa jina.

Katika Injili yenyewe upo mfano ulio kinyume. Zakayo wa Yeriko, katika sura ya 19 ya Luka, hatumii kitenzi kuwa hata mara moja. Hasemi alikuwa mtu wa namna gani. Anataja maskini watakaopewa nusu ya mali yake na aliyenyang'anywa atakayerudishiwa mara nne. Mwana mpotevu naye, anapoitunga hotuba yake kati ya nguruwe, anawataja wawili aliowakosea: mbingu na baba yake. Hotuba hiyo haimaliziki, kwa maana baba anaikatiza. Lakini wote wawili wameshatajwa. Ndugu wa uamsho wa mwanzo waliufuata mkondo huu. Walijulikana kwa kurudisha: kulipa madeni ya zamani, kupeleka kwa mwajiri kitu kilichoibwa, kumwendea jirani usiku na kuomba msamaha. Waliosimulia mambo hayo hawakuweza kuyasimulia bila viambishi vya mtendwa. Ushuhuda uliokuja baadaye umelihifadhi umbo lao na kuiacha safari ya kwenda kwa jirani.

Kumuse na yule aliyekataa

Wabukusu walikuwa na utanzu wao wa kusema mbele ya watu kwa ajili ya kuponya jamii. Baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima, mfariji wa ukoo wenye haki hiyo husimama uwanjani akaswala kumuse: hutembea huku na huko akisimulia asili ya watu, nasaba zao, vita na maridhiano yao, na kukemea maovu ya waliohudhuria. Watu huketi kimya, na hapana ruhusa ya kumkatiza. Kumuse haina maungamo ya msemaji. Nafsi yake haimo. Imejaa wengine. Ukiweka kumuse na ushuhuda bega kwa bega utaona kwamba kila mmoja una upungufu ambao mwenzake ungeweza kuuziba. Mfariji huwasema watu bila kujisema, na aliyeokoka hujisema bila kuwasema watu. Leo katika matanga mengi ya Bungoma vyote viwili husikika siku chache tofauti katika boma moja, na waombolezaji wale wale huvisikiliza.

Mtu aliyeukataa unyenyekevu wa misheni kwa ukali kuliko wote alitoka katika nchi hii. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyepata kuchezea timu ya Kenya mpira wa miguu, alikuwa Rafiki, akatengwa na kanisa baada ya kuoa mke wa pili. Katika miaka ya 1940 aliiongoza Dini ya Msambwa, akawataka Wazungu watoke na watu wairudie dini ya wazee wao. Serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari mwaka 1945. Alipoachiliwa mwaka 1947 aliwakusanya wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mwezi wa Februari mwaka 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa watu Malakisi, na watu kumi na mmoja wakafa; dini ikapigwa marufuku, naye akazuiliwa Lamu. Hata baada ya uhuru haikupata utulivu: iliruhusiwa mwaka 1964 na kupigwa marufuku tena mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Wanahistoria humsoma Masinde kama mpigania ardhi, na ni kweli, kwa maana mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa moyoni mwa hoja yake. Lakini aweza kusomwa pia kama mhakiki wa lugha. Alisikia neno Bwana likiwa na wenyewe wawili, akauliza ni yupi anayenyenyekewa. Kanisa lilimwita atubu kwa ajili ya mke wa pili, na hakusikia mlowezi yeyote akiitwa mbele ya kusanyiko atubu kwa ajili ya shamba. Katika sarufi ya makala haya, aliona kwamba toba ilidaiwa kwa watendwa na watenda wakaachwa. Mtu aweza kuikataa Dini ya Msambwa na jibu la Masinde kwa swali hilo. Swali lenyewe haliondoki kwa kukataliwa.

Pingamizi

Watetezi wa ushuhuda wa kawaida wana hoja mbili, na zote mbili ni nzito. Ya kwanza ni Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya Nathani kumjia. Mwimbaji wa zaburi hiyo anasema kwamba amemkosea Mungu peke yake. Uria, aliyeuawa, hayumo. Je, si huo ndio ushuhuda usio na mtendwa, tena ulio katikati ya Maandiko? Jibu ni kwamba zaburi haisomwi peke yake. Inasomwa pamoja na kisa cha Nathani katika Kitabu cha Pili cha Samweli, ambamo nabii hamwulizi Daudi ni mtu wa namna gani. Anamsimulia habari za kondoo mmoja wa maskini mmoja, mpaka mtendwa anarudi chumbani na mfalme anamkasirikia mtenda bila kumjua. Bila ngano hiyo zaburi ingekuwa nyepesi mno.

Hoja ya pili ni ya maisha. Kumtaja mtu hadharani ni kumwumiza mara ya pili. Mwanamume asimamaye kanisani Webuye na kutaja aliyezini naye huwa amejivua mzigo kwa kumtwika mwenziwe, na mwenzi huyo huenda ameketi safu ya tatu na watoto wake. Ndoa zimevunjika kwa ushuhuda wa namna hiyo. Kwa hiyo nilikuwa mzinzi, neno lisilo na mtu, lina huruma ndani yake, na mhakiki anayelishambulia bila kulijua hilo ni mkatili.

Hata hivyo Kiswahili kina njia ya tatu ambayo watoa ushuhuda wachache huitumia. Kiambishi -m- hakina jina. Hakisemi ni mwanamume au mwanamke, wa Kitale au wa Bungoma, aliye hai au marehemu. Asemaye nilimdhulumu mtu, nikamwendea, naye hajanisamehe, amemlinda yule mtu na wakati huo huo amemweka ndani ya sentensi. Viambishi vya mtendwa vinamficha mtu pasipo kumfuta. Wasemaji wanaoifahamu njia hii, na wengi wao ni wanawake wazee wasio na elimu kubwa, hawafuatiwi na makofi. Kusanyiko hunyamaza, kwa sababu hadithi yao haijaisha: msamaha bado uko mikononi mwa mtu asiyetajwa, na kitenzi kutubu, kwao, kimerudi katika wakati uliopo.

Ushuhuda na ushahidi

Kiswahili kimepata maneno mawili kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu: ushuhuda na ushahidi. Matumizi yameyatenga. Ushahidi ni wa mahakamani na wa tume. Ushuhuda ni wa kanisani. Baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 watu wengi walifukuzwa katika mashamba yao Trans Nzoia, na katika mteremko wa Mlima Elgon, upande wa Bungoma, wananchi walikuwa tayari wamenaswa kati ya wanamgambo na jeshi katika vita vya ardhi vilivyodumu kutoka mwaka 2006 hadi 2008. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ambayo ripoti yake ilitolewa mwaka 2013, ilipokea maelezo ya walioteswa. Katika masimulizi ya namna hiyo viambishi vya mtendwa vimejaa tele, kwa kuwa msemaji ndiye mtendwa: walinipiga, walituchomea, walimchukua.

Lugha ya makanisani juu ya miaka hiyo hiyo ni nyingine. Huko ghasia zilitokea, nyumba ziliteketea, watu wakahama, na Mungu akatuvusha. Kila kitenzi kati ya hivyo vinavyohusu uovu kimekwepa mtenda, na hakuna anayesema tuliziteketeza. Waliochoma na waliochomewa, wale waliobaki au waliorudi, leo huketi katika kanisa moja, huitikia Amina moja na husema wote kwamba wameokoka. Wa kwanza hutoa ushuhuda ambao mtendwa wake amepotea. Wa pili, ambao wangeweza kumrudisha mtendwa huyo kwa silabi moja, walikwisha kuutoa ushahidi wao mahali pengine, mbele ya makarani, na hawajaulizwa tena.